Bata Bukini Juu ya Rademacher

Wendell Krahn alikuwa na trekta ndogo kumi na moja za kukatia nyasi, na nyasi zake alikuwa akizikata mkewe kwa mashine ya kusukuma.

Si kwamba alikuwa mvivu. Miaka thelathini na minne aliendesha lori la maziwa katika kona ile ya Wisconsin, akipita kwa wafugaji kabla ya jogoo la pili, theluji ikimfika magotini, na hakuwahi kuchelewa ila mara mbili. Lakini alipostaafu, ugonjwa ukamwingia. Wako wanaoingiwa na ulevi, wako wanaoingiwa na kamari. Wendell aliingiwa na trekta kuukuu. Ni vile vitrekta vya bustani vya zamani, vya kimo cha ndama, ambavyo watu walikuwa wamevisahau mabandani hadi panya wakahamia. Hiki dola hamsini, hiki thelathini, kile bure mradi ukiondoe leo. Neno "bure" lilimlegeza Wendell viungo vyote kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

Katika hizo kumi na moja, nne zilinguruma, mbili zilikohoa, na zilizobaki zilikuwa maiti. Kila maiti ilikuwa imenunuliwa ili itolewe vipuri vya kuifufua maiti nyingine. Zote zililala ndani ya gereji, zimefunikwa blanketi. Gari la mkewe lililala nje.

Mkewe aliitwa Arlys. Alikuwa mwanamke mfupi, mpishi mstaafu wa shule, aliyewahi kuwalisha watoto mia tatu kwa siku na kuwanyamazisha wote kwa kugonga mwiko mara moja. Hakuwa mtu wa makelele. Siku ya Pasaka, akiwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake, alimwita mumewe, akamwambia kwa upole, "Kumi na moja, Wendell. Ya kumi na mbili ikiingia humo, utalala nayo."

"Kabisa, mke wangu. Nimekoma."

Na kweli alikuwa amekoma, mpaka Ijumaa ya wiki ya tatu.

Ijumaa hiyo walikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, wanakula samaki wa kukaanga kama Ijumaa zote, na mkabala na Wendell alikaa Dukie Polzin. Dukie alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza na hasimu wake tangu darasa la pili. Yeye alikuwa na trekta kumi na tisa. Hakuwa na mke. Hiyo ndiyo siri ya kumi na tisa. Arlys alipoinuka kwenda kuongeza kabichi, Dukie aliinama mbele, ndevu zikiingia kwenye mchuzi wa limau.

"Nimesikia jambo."

"Jambo gani?"

"Sikwambii."

"Basi usiniambie."

Dukie alistahimili kama dakika nzima. "Rademacher," akanong'ona. "Namba Saba. Ya rangi ya karoti. Iko kwa yule mjane, Bi Ottilie Brandl, barabara ya kinamasi. Kesho nikishakunywa chai naifuata."

Uma wa Wendell ulisimama hewani. Rademacher Namba Saba! Kiwanda kidogo cha jina hilo kiliitengeneza kwa miaka miwili tu kisha kikafa. Wendell alikuwa ameitafuta miaka ishirini na saba. Aliwahi kuiona moja tu, kwenye picha, na ile picha yenyewe ilikuwa na ukungu. Alimeza kipande cha samaki bila kutafuna, akasema kwa sauti ya mtu asiyejali, "Haya. Kila la heri."

Dukie alikuwa amesema atakwenda baada ya chai. Wendell alikwenda bila chai.

Bi Ottilie alimkuta uani kwake kumepambazuka tu, pikapu na tela vimeshageuzwa kuelekea barabarani, tayari kwa kuondoka. Alikuwa bibi wa miaka themanini na kitu, amevaa mabuti ya mpira na koti la marehemu mumewe. Alimpeleka kwenye banda lililoegemea mti kama mlevi aliyeegemea rafiki yake, akavuta turubai.

Ndiyo hiyo. Kutu kidogo kwenye madgadi, kiti kimepasuka, lakini boneti nzima, usukani mzima, na nyuma ya kiti kulikuwa na sanduku la mbao lililofungwa kwa bolti, la kubebea vifaa. Rangi ya karoti chini ya vumbi. Wendell alihisi machozi yanamlengalenga.

"Dola arobaini," alisema Bi Ottilie.

Wendell alikuwa amekuja na mia tatu. Alikohoa ili asicheke. "Arobaini ni... sawa. Tunaelewana."

"Ila unaichukua ilivyo."

"Mimi huzichukua zilivyo, mama. Sina neno na kutu."

"Sikusema kutu. Nimesema ilivyo. Pamoja na mwenyewe."

Akaonyesha kwa kidevu. Kutoka ndani ya lile sanduku ikainuka shingo nyeupe, ndefu, polepole, kama mkono wa mtu anayetaka kuuliza swali. Juu ya shingo palikuwa na kichwa, na ndani ya kichwa palikuwa na jicho moja la buluu lililomtazama Wendell kama hakimu anavyomtazama mwizi aliyemzoea.

"Anaitwa Bernadette," Bi Ottilie alisema. "Bata bukini. Ameatamia mayai matano. Usimtoe kwenye mayai."

"Na nikimtoa?"

"Utarudi kunisimulia, lakini sitakuelewa, maana hutakuwa na pua." Alipokea zile dola arobaini, akaziingiza kwenye buti. "Nimeishi na mume miaka hamsini na miwili, na huyu bata miaka saba. Mume ndiye alikuwa na nafuu. Na alikuwa anakunywa."

Kuipandisha trekta kwenye tela kulichukua saa nzima. Bernadette hakutoka sandukuni hata mara moja. Hakuwa na haja. Shingo yake ilifika kila mahali. Wendell alipoinama kufunga mnyororo wa mbele, aling'atwa sikio. Alipohamia nyuma, alifikiri kwa kuwa amempa mgongo atakuwa salama, akang'atwa pale ambapo mtu hawezi kumwonyesha daktari bila kueleza habari yote tangu mwanzo. Bi Ottilie alisimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Ulikuwa mwaka mzima hajafurahi hivyo.

Kwenye daraja la kinamasi akapishana na Dukie. Dukie alifunga breki katikati ya barabara, akateremsha kioo.

"Umeamka saa ngapi, mwanaharamu wewe?"

"Nani kasema nililala?"

Dukie aliitazama trekta, akatazama bata, akalitazama sikio la Wendell lililokuwa likivuja damu. Hasira ikaanza kumtoka, udadisi ukaingia. "Na Arlys umemwambiaje?"

Hapo ndipo Wendell alipokumbuka kwamba ana mke. Kutoka pale hadi nyumbani ni dakika ishirini. Aliendesha taratibu zikawa arobaini, jasho likimtiririka, huku Dukie akimfuata nyuma, maana jambo kama lile haliwezi kuachwa lipite hivihivi.

Arlys alikuwa uani, anasukuma mashine yake ya kukatia nyasi. Aliizima. Akavua glavu moja, kisha ya pili.

"Wendell."

"Mke wangu! Nimekununulia bata."

Hata Wendell mwenyewe alishangaa kusikia kinywa chake kimetoa kitu gani. Lakini maneno yakishatoka hayarudi, ikabidi ayafuate.

"Bata bukini. Anaitwa Bernadette. Nilijisemea, tangu tustaafu Arlys hana wa kumlisha. Mikono yake imezoea kulisha. Kwa hiyo."

Arlys alizunguka tela lote. Alitazama magurudumu, akatazama usukani, akatazama boneti. "Na hiki cha rangi ya karoti?"

"Hicho? Hicho ni kiota chake."

Kwenye pikapu la pili Dukie aliziba mdomo kwa kofia.

Arlys akanyoosha mkono kuelekea sandukuni. Wendell alipiga ukelele wa kumwonya, lakini Bernadette alishusha kichwa, akafumba jicho, akaukubali mkono ule ukimkuna shingoni kana kwamba alikuwa ameungojea miaka saba. Arlys akamkuna. Walikaa hivyo kwa muda, mwanamke na bata, wala hawakuwatazama wanaume.

"Asante sana, mume wangu," Arlys alisema mwishowe. "Kwa hiyo huyu ni wangu."

"Wako kabisa!"

"Na kiota chake?"

Wendell alifungua mdomo. Akaona shimo alilolichimba, akaona jinsi lilivyo refu, akaona kwamba yumo ndani yake na koleo bado liko mkononi. "Na... kiota chake."

"Dukie!" Arlys aliita bila kugeuka. "Umesikia?"

"Nimesikia, shemeji. Kwa masikio yote mawili."

Hivyo ndivyo Rademacher Namba Saba ilivyoingia katika gereji ya Wendell Krahn ikiwa mali ya mtu mwingine.

Yaliyofuata hakuyategemea. Bernadette alipofika gerejini alitazama zile trekta kumi na moja chini ya blanketi zake, akaamua kwamba zote ni zake. Asubuhi ya kwanza Wendell aliingia kuchukua spana, akatoka bila spana na bila kiatu kimoja. Asubuhi ya pili aliingia na kifuniko cha pipa la taka mkononi kama ngao. Bernadette aligundua kwamba ngao haifiki miguuni. Ya tatu alivaa suruali ya kuvulia samaki yenye kufika kifuani, kofia ya kuchezea hoki aliyoazima kwa mchungaji wao, na glavu za kuchomea vyuma. Alifanana na mtu anayekwenda kutegua bomu. Bata alitoka sandukuni kwa mara ya kwanza, akashuka chini, akatandaza mabawa, akamjia mbio huku akizomea. Wendell, aliyewahi kusukuma lori la maziwa kwenye tope mwenyewe peke yake, aligeuka akakimbia, na suruali ile haikuumbwa kwa ajili ya kukimbia. Alianguka kwenye maua ya Arlys.

"Hayo nilikuwa nimeyapanda jana," alisema Arlys kutoka barazani.

Yeye Arlys aliingia na kutoka atakavyo. Alipeleka mahindi na maji, akageuza ndoo, akaikalia, akazungumza na bata habari za watu wa kanisani. Wendell alikuwa amebakiwa na dirisha dogo la upande. Alisimama nje kwenye nyasi, uso umegandamana na kioo, akizitazama trekta zake kama mtu anayetazama ndugu zake wodini saa ambayo si ya kuona wagonjwa.

Siku ya tano Arlys alifungua dirisha kidogo.

"Wendell, hiki kijiti chenye kirungu ni cha nini?"

Moyo ukamruka. "Hiyo ni gia! Usikivute kwa nguvu!"

"Na kwa nini haiwaki?"

"Sijui. Sijaruhusiwa kuipima."

Arlys akawaza. "Basi nieleze. Mimi nitafanya."

Ndipo Wendell alipogundua jambo la aibu: mikono yake ilijua kila kitu na mdomo wake haukujua chochote.

"Fungua kile kidude pale kando."

"Kidude kipi? Hapa kuna vidude arobaini."

"Kile... kile kilichokaa juu ya kile kingine."

"Wendell, kila kitu hapa kimekaa juu ya kingine."

"Chenye skrubu!"

Arlys akafunga dirisha.

Ilibidi ajifunze kusema. Akawa anakwenda dirishani na karatasi, anachora, anaibandika kwenye kioo. Hii kabureta. Hii plagi. Huu mpira wa petroli, uko hivi, unaelekea kule. Arlys alisoma mchoro kama alivyokuwa akisoma mapishi ya shule, akauliza swali moja, kisha akafanya. Alikuwa na mikono iliyomenya viazi vya watoto mia tatu. Haikuwa na haraka. Pale ambapo Wendell angepiga nyundo na kutukana, yeye alitia tone la mafuta, akaenda kunywa kahawa, akarudi kesho yake na bolti ikajifungua yenyewe. Aliisafisha kabureta kwa mswaki. Mswaki wa Wendell, lakini hilo alikuja kulijua baadaye.

"Imetoka uchafu mweusi kama molasi," alimwambia, akiionyesha kwenye kioo.

"Vizuri! Vizuri sana! Sasa kile kitundu kidogo, umekiona? Ulipitisha waya?"

"Nimepitisha pini ya nywele."

Wendell aliiandika kwenye karatasi yake. Miaka yote hiyo hakuwahi kufikiria pini ya nywele.

Hapo ndipo alipohisi kitu cha ajabu, amesimama nje kwenye umande, slipa zimelowa. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa hawakuwahi kuzungumza mfululizo hivyo. Alianza kuamka mapema ili awahi dirishani.

Ilikuwa Jumanne ya wiki ya nne tangu bata aje, asubuhi. Arlys alikaa kwenye kiti kilichopasuka, Bernadette nyuma yake sandukuni, Wendell kwenye kioo, na Dukie pembeni ya Wendell, maana siku hizi Dukie alikuwa akija kila siku na kiti chake cha kukunja.

"Vuta choki," Wendell alisema. "Nusu. Sasa geuza ufunguo."

Stata ikalia kama mbuzi. Mara ya pili ikalia kama mbuzi wawili. Mara ya tatu injini ikapiga chafya, ikatoa moshi wa buluu, halafu pap, pap-pap, pap-pap-pap-pap, ikashika. Wendell na Dukie walikumbatiana kabla hawajakumbuka kwamba wao si watu wa kukumbatiana.

Lile sanduku la mbao lilikuwa likitetemeka kwa mngurumo. Na chini ya ubavu wa Bernadette, kikachomoza kichwa cha manjano, kimelowa. Kisha kingine. Mayai yalikuwa yakianguliwa saa ileile.

Watu waliofuga bata wanajua kwamba kifaranga wa bata bukini humfuata yule anayemkuta wa kwanza akifumbua macho. Hawa watano walifumbua macho wakakuta rangi ya karoti na pap-pap-pap. Basi. Bernadette alikuwa mama yao kwa kuwalalia. Rademacher ilikuwa mama yao kwa mapenzi. Siku ya tatu Arlys alipoitoa nje kuijaribu kwenye nyasi, vifaranga watano waliruka chini wakajipanga nyuma ya ekzosi, mmoja nyuma ya mwingine, wakipiga kelele kwa furaha ndani ya moshi. Nyuma yao kabisa alikuja Bernadette, anagomba. Arlys akazunguka mti, mstari ukazunguka mti. Akarudi kinyumenyume, nao wakatawanyika, wakajipanga upya mbele. Akizima injini, walilia mpaka aiwashe.

Alikata nyasi zote siku ile. Nusu saa. Alishuka uso umemwiva, nywele zimesimama.

"Kwa nini," alimwuliza Wendell, "miaka yote hii nilikuwa nasukuma?"

Wendell aliikokota ile mashine ya kusukuma, akaificha nyuma ya nyumba.

Habari zikaenea, kwa sababu Dukie ndiye aliyekuwa nazo. Watu wakaanza kusimamisha magari. Na katikati ya Julai Dukie mwenyewe akaja amechana ndevu, akavua kofia, akamwambia Arlys mbele ya Wendell, "Shemeji, dola mia tisa. Ya trekta. Bata ubaki naye."

Arlys alikuwa anamenya vitunguu. "Nitafikiria, shemeji."

Wendell alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Alitaka kusema, akakumbuka kwamba si yake. Alitaka kusema kwamba ni yake, akakumbuka aliyesema si yake ni yeye mwenyewe. Usiku hakula. Kesho yake alitengeneza ile ngazi ya baraza aliyoiahidi miaka sita. Keshokutwa akaosha madirisha, ndani na nje. Akaosha vyombo. Akakunja nguo, vibaya, lakini akazikunja. Arlys alimtazama anapita na ndoo. Jumamosi, alipomkuta anapaka dari rangi, akamwuliza tu, "Ukishamaliza dari, je, na mifereji ya mvua?" Akasafisha na mifereji ya mvua.

Mwezi wa nane yakaja maonyesho ya kaunti. Chama cha wapenda trekta ndogo za zamani kilikuwa na uwanja wake pale, kamba imezungushwa, na Wendell alikuwa amemwomba Arlys kwa unyenyekevu wote, kama anavyoombwa mfalme, aipeleke Rademacher. Arlys akakubali. Akaiendesha mwenyewe kutoka kwenye tela hadi kwenye lango la kamba, Bernadette sandukuni, na nyuma yao wale watano, ambao sasa walikuwa wakubwa, wa kijivu, wabaya wa sura kama vijana wanaobalehe.

Mwenye lango alikuwa mwanamke mwenye ubao na kalamu, fulana yake imeandikwa MSIMAMIZI. "Mifugo hairuhusiwi uwanja wa mashine."

"Hawa si mifugo," Wendell akadakia. "Hawa ni... wamefuatana nayo."

"Naona manyoya."

"Dada, bila hao haiendi," Arlys alisema. "Nikiwaacha watalia, utawasikia hadi Jumapili."

"Basi wapelekeni kwenye banda la kuku na bata. Hapa haingii mnyama."

"Na trekta?"

"Bata akiwa juu yake, siwezi kuitenga na bata. Mng'oeni."

Walimtazama Bernadette. Bernadette alimtazama msimamizi. Msimamizi akasogea nyuma hatua mbili, akaandika kitu kwenye ubao wake, akaonyesha kwa kalamu upande wa mabanda ya ndege.

Hivyo trekta aliyoitafuta Wendell miaka ishirini na saba ikaonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza kati ya sungura wa banda la jirani na jogoo mmoja mwenye kilemba cha manyoya, juu ya maranda ya mbao, chini ya kibao kilichoandikwa BATA BUKINI, JIKE, NA WATOTO. Wendell alikuwa amevaa shati jipya. Kila aliyepita, Wendell alijaribu kumweleza kuhusu injini.

"Silinda moja, hii! Kiwanda kilifungwa mwaka wa—"

"Anataga mengi?" mama mmoja akauliza.

Lakini haikupita saa, watu wa chama wakaanza kuja. Wakaja mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wazee wenye kofia, wakikanyaga kinyesi cha kuku bila kujali, wakainama, wakachungulia chini ya boneti kutoka umbali ambao shingo ya bata haikufika. Uwanja wao wenyewe ukabaki mtupu. Msimamizi akabaki na ubao wake. Wazee wakauliza maswali. Na Wendell alipofungua mdomo kujibu, aligundua kwamba hawamwulizi yeye.

"Kabureta hii uliitoa uchafu vipi, mama?"

"Mswaki," Arlys alisema. "Na pini ya nywele kwa kile kitundu kidogo."

"Pini ya nywele!" wazee wakaambiana, kama watu waliofunuliwa siri ya jeshi.

Mwamuzi wa ndege alikuwa mzee mwembamba asiyejua tofauti ya trekta na jokofu. Alimpima Bernadette kwa macho, akasifu kifua, akaandika kwamba kiota ni imara kupita vyote alivyowahi kuona, akanyoosha mkono kupima bawa. Hapo akang'atwa. Wakapata utepe wa nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa yule jogoo wa kilemba, ambaye hakumng'ata mtu.

Dukie alikuwepo. Alikuwa amekunywa bia mbili na kula soseji tatu, na ushujaa ulikuwa umempanda. "Shemeji! Mbele ya mashahidi! Elfu moja na mia mbili!"

Banda zima likageuka, hata kuku. Wendell alitazama chini kwenye maranda. Dola arobaini zimekuwa elfu moja na mia mbili. Hakuna mwenye akili ambaye angekataa, naye Arlys alikuwa mwenye akili kuliko wote.

"Dukie," Arlys alisema, "mtu hauzi zawadi aliyopewa na mumewe."

"Arlys, wewe unajua na mimi najua na Bernadette anajua kwamba ile haikuwa—"

"Alisema ni zawadi. Wewe ndiye shahidi."

Dukie akarudisha pochi mfukoni. Alinunua soseji ya nne.

Njiani kurudi nyumbani, tela likigongagonga nyuma, Wendell alikuwa akiugeuzageuza ule utepe mkononi. Kisha akasema, "Ulijua tangu siku ile."

"Wendell, miaka arobaini na mmoja hujawahi kuniletea kitu chenye uhai. Mwaka jana siku ya ndoa yetu uliniletea mpira wa kumwagilia maji."

"Ulikuwa mpira mzuri."

"Ulikuwa mzuri," Arlys alikiri. Akabadilisha gia, maana ndiye aliyekuwa anaendesha. "Sasa sikiliza. Zile maiti tano za gerejini, Dukie atazichukua kesho, anazitaka tangu zamani, naye hana wa kumkataza. Gari langu litaingia ndani kabla ya theluji. Na kuna mtu wa chama ameniambia habari ya Rademacher nyingine, Namba Tano, huko karibu na mto, haiwaki. Anasema ni kazi ya kabureta."

Wendell aligeuka akamtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza amemwona akiinuka ukumbini kuongeza kabichi, na yeye ni kijana tena.

Walikwenda Alhamisi. Mwenye trekta alikuwa mkulima mnene, amesimama mlangoni mwa banda na mikono mfukoni. Wendell alishika kitasa cha mlango wa pikapu, na Arlys akamshika mkono.

"Wewe kaa humu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya huo uso. Ukishuka na uso huo, bei inapanda mara mbili. Vuta kofia chini. Na usitabasamu."

Akashuka, akafunga mlango. Wendell akavuta kofia, akakaa. Kwa chini ya ukingo wa kofia alimwona Arlys anaizunguka trekta taratibu, anapiga teke tairi kidogo, anatikisa kichwa kwa masikitiko, anasema kitu, anageuka kuondoka. Mkulima akatoa mkono mmoja mfukoni. Arlys akasimama, akarudi nusu ya njia, akatikisa kichwa tena. Mkulima akatoa na mkono wa pili. Ndani ya pikapu, Wendell alikuwa ameuma mdomo wa chini kwa meno yote, machozi yakimtoka, anajitahidi kufanana na mtu aliyefiwa.